Barua ya wazi: Vilima vya mchanga vya Shela ni tangi la maji, vitunzwe kama tangi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, Mamlaka ya Rasilimali za Maji, mamlaka ya mazingira NEMA, Tume ya Taifa ya Ardhi, na kila afisa anayetia saini kibali cha ujenzi kisiwani Lamu.

Waheshimiwa, salamu aleikum.

Anayeshuka chomboni Shela kwa mara ya kwanza huona ufuo wa takriban kilomita 12, na nyuma ya ufuo vilima vyeupe vya mchanga. Haoni shamba, haoni nyumba, na haraka hudhani ameona ardhi tupu inayongoja mwenye fedha. Vilima vile si vitupu. Ndani yake mna maji yanayonywewa Shela na mji wa Lamu. Kisiwa chetu hakina mto wala ziwa. Kina mvua, na kina mchanga wa kuipokea, basi. Kwa hiyo tunawaomba jambo moja: kila uamuzi unaogusa vilima, uwe wa nyumba, kisima, ukuta, uchotaji wa mchanga au njia ya wageni, ujibu kwanza swali la maji. Usipolijibu, usitiwe saini.

Tueleze tangi lenyewe linavyofanya kazi, maana makosa mengi yanatokana na kudhani kwamba chini ya mchanga kuna mto unaopita. Hakuna. Mvua ya masika, Aprili hadi Juni, huanguka juu ya vilima na kuzama papo hapo. Mchanga haupitishi mkondo juu yake. Maji yale hushuka mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, na hapo huelea juu yake, kwa sababu lita ya maji matamu ina uzito wa kilo moja na lita ya maji ya bahari ina kilo moja na gramu 25 hivi. Umbo lake ni kama maandazi mawili yaliyobandikwa tumbo kwa tumbo: nene katikati ya vilima, jembamba kuelekea ufuo.

Tofauti ile ndogo ya uzito ndiyo inayotoa hesabu ambayo kila mwenye kutoa kibali anapaswa kuijua kwa moyo. Kila sentimita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari ina takriban sentimita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maji ya kisima yakisimama nusu mita juu ya bahari, hesabu inakupa mita 20 chini, ingawa kwa kweli ni pungufu ya hapo, kwa kuwa kupwa na kujaa huchanganya maji ya chini. Sasa geuza hesabu. Ukivuta mpaka maji yakashuka sentimita 20, chumvi hupata nafasi ya kupanda mita nane. Mvutaji haoni kitu. Kamba yake imeshuka shubiri moja tu.

Hesabu hii inajulikana zaidi ya miaka mia. Mhandisi wa Kijerumani, Alexander Herzberg, aliichapisha mwaka 1901 baada ya kuchunguza maji ya visiwa vya Bahari ya Kaskazini, Norderney kikiwemo. Norderney ni kisiwa cha mchanga kilichojipanga mbele ya bara, chenye ufuo, vilima na wageni wengi wa likizo. Hadi leo kinakunywa maji ya chini ya vilima vyake, na mgeni haruhusiwi kukanyaga vilima nje ya njia zilizowekewa alama. Hoteli zipo na biashara ipo. Tunautaja mfano huu kwa sababu husemwa kwamba kulinda vilima ni kufukuza watalii.

Na sisi tuna mfano wa kinyume, ng'ambo ya mlango wa bahari tu. Takwa, kisiwani Manda, ulikuwa mji wenye ukuta, nyumba za mawe na msikiti wa Ijumaa. Ulihamwa katika karne ya 17, na maji ya visima kuingia chumvi hutajwa miongoni mwa sababu. Watu wake walihamia Shela. Mpaka leo watu wa Shela huvuka kwenda kwenye kaburi la mnara la Takwa kuomba mvua.

Je, inahitajika chumvi kiasi gani kuharibu maji? Chukueni mtungi wa lita 20 uliojaa maji matamu ya kisima, mmiminieni glasi moja ya maji ya bahari, mkoroge. Maji ya bahari yana kloridi, sehemu kubwa ya chumvi yake, kama gramu 19 kwa lita; glasi ya mililita 250 inatia gramu nne na nusu au zaidi kidogo mtungini. Ukijumlisha na chumvi kidogo iliyokuwemo tangu awali, umefika kwenye miligramu 250 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema ladha ya chumvi huanza kusikika. Glasi mbili, na chai inakuwa ya kulazimisha. Kisima kikishaingia chumvi hakitibiki kwa kupumzishwa wiki moja. Kinangoja mvua za miaka zisukume chumvi irudi, nayo itarudi tu ikiwa hapo juu hapajafunikwa kwa saruji.

Sasa visima. Kosa linalofanyika sana ni kuchimba kwenda chini kutafuta maji mengi. Bara, kuchimba zaidi husaidia. Juu ya kisiwa cha mchanga, kila mita unayoongeza inakukaribisha baharini. Kisima cha vilimani kinatakiwa kisimame mita moja tu ndani ya maji, kiwe kipana, na kivutwe polepole. Mtu anayevuta kwa ndoo na kamba hutoa lita mia kadhaa kwa saa, na kisima hupata muda wa kujaa. Pampu ya petroli ya inchi mbili ina uwezo wa kutoa zaidi ya lita 10,000 kwa saa. Hiyo ndiyo inayochimba shimo ndani ya maji yenyewe: juu maji matamu yanazama kama bakuli, chini chumvi inapanda kama kilele kuelekea mdomo wa bomba. Lita zile 10,000 zingeweza kutoka katika visima vitano vinavyotoa lita 2,000 kila kimoja, vikiachana mita 50 au zaidi, bila kilele hicho kupanda namna hiyo. Au kutoka katika mabomba yenye matundu yaliyolazwa ubavu, chini kidogo ya uso wa maji, yakikusanya kwa upana badala ya kina. Gharama ya kuchimba huongezeka kidogo, ndiyo, lakini kisima hudumu.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka kibali cha kuvuta maji, na inaipa Mamlaka ya Rasilimali za Maji uwezo wa kutangaza mahali kuwa eneo la kuhifadhi maji ya chini ya ardhi. Tunaomba uwezo huo utumike juu ya vilima vyote vya Shela, kuanzia nyumba za mwisho za kijiji mpaka mwisho wa mchanga, wala si kuzunguka kichwa cha kila kisima tu. Ulinzi wa kuzungushia kisima waya na kuacha kilima cha jirani kijengwe ni sawa na kufunika mdomo wa mtungi uliotoboka ubavu.

Kila pampu iwe na mita. Kila kisima kipimwe chumvi. Kipimo cha mkononi ni kidogo kama kalamu nene. Unakichovya, kinakupa namba ya maikrosimensi, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, nayo hupanda kadiri chumvi inavyozidi. Maji ya mvua hayafiki 50. Kisima kizuri kinabaki chini ya 1,000. Kikivuka 1,500 ulimi unajua, na bahari yenyewe ni 50,000 hivi. Wapimaji wengi hukosea mahali pawili. Huchota maji ya juu tu, ilhali chumvi inaanzia chini. Chupa ishushwe kwa uzito mpaka sakafu ya kisima, ipatikane namba mbili. Tena hupima siku yoyote, mara bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mara maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, kisha hulinganisha namba zisizolingana. Ipimwe hali ile ile ya maji kila mwezi. Namba inayosema kweli zaidi ni ya Machi, mwisho wa kaskazi, kabla masika haijaingia.

Maji taka yana hatari ya aina nyingine, kwa sababu hayana ladha. Mchanga safi huchuja vijidudu vingi, na hilo huwafanya watu wajione salama. Lakini nitrati inayotoka katika mkojo na kinyesi haichujwi na mchanga. Inasafiri na maji kama sukari iliyokwisha koroga. Ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya chupa: damu yake hushindwa kubeba hewa na midomo huwa ya buluu. Kuchemsha hakusaidii, bali huikoleza, kwa kuwa maji hupungua na nitrati hubaki. Choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe mita moja na nusu au zaidi juu ya maji ya masika, si maji ya kiangazi. Wengi huchimba Februari, wakati maji yako chini kabisa, halafu Mei shimo linaogelea. Penye ardhi ya chini choo kinyanyuliwe kwa ngazi tatu nne, shimo lake lijengwe juu kwa mawe. Na nyumba ya wageni yenye vyumba vinane na vyoo vya kuvuta isikubaliwe kuwa na shimo lisilo na sakafu linaloitwa septiki. Septiki ina vyumba viwili vilivyopigwa plasta ya kuzuia maji, inajazwa maji na kuachwa siku nzima ionekane kama inavuja, kabla haijafukiwa. Mkaguzi afike siku hiyo. Akija baada ya kufukiwa, ataona mchanga tu.

Mabwawa ya kuogelea tuyataje kwa hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 5, kina cha mita moja na nusu, ni lita 75,000, yaani mitungi 3,750. Jua na upepo huinua milimita tano hivi kwa siku, ambayo ni lita 250 za kufidia kila siku, mitungi 12 na nusu, na hapo hakuna hata mgeni mmoja aliyeoga. Hatusemi wenye nyumba wasiwe na mabwawa. Tunasema wajaze maji ya bahari au ya mvua, na kibali kiandike hivyo.

Tukija kwenye mchanga wenyewe. Kazi ya kubeba mchanga kwa punda inawalisha vijana, na barua hii haikuandikwa kuwanyang'anya riziki. Lakini tupime. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina kilo 1,600 hivi. Punda akibeba kilo 80, ni safari 20. Nyumba moja ya ghorofa humeza makumi ya mita hizo. Kilima kikishuka, uso wa mchanga unakaribia maji, na hapo ndipo hasara inapoanza: mita moja ya mchanga mkavu juu ya maji huyakinga na jua karibu kabisa, lakini mchanga huo ukibaki pungufu ya nusu mita, unyevu hupanda wenyewe katikati ya chembe na jua huyanywa mchana kutwa. Dalili yake ni ngozi nyeupe ya chumvi juu ya bonde lililochimbwa. Tena mchanga wa vilima ni mbaya kwa ujenzi. Chembe zake ni ndogo, za mviringo na za saizi moja, hivyo zege linataka saruji zaidi. Na ukiwa na chumvi unakula nondo, kutu inavimba, boriti inapasuka ndani ya miaka michache. Kaunti itenge mahali pa kuchota mchanga pasipo vilima wala fukwe za kasa, ipange vyombo vya kuuleta mpaka gatini, na punda waanzie hapo. Wabebaji wabaki na kazi, mchanga utoke pengine.

Mimea ya vilimani isihesabiwe kuwa magugu. Mlakasa, ule utambaao wenye maua ya zambarau, ndio unaozuia upepo wa kusi usihamishe kilima kikaingia majumbani. Ukikatwa kufungua njia ya mita mbili, upepo hupanua njia ile kuwa korongo. Kwa hiyo njia za kupanda vilimani ziwe chache na zijulikane, zipindishwe badala ya kuelekezwa moja kwa moja upepo unakotoka, na pale pa kupanda zilazwe boriti zilizofungwa kwa kamba kama ngazi. Pikipiki za magurudumu manne zipigwe marufuku vilimani bila ubaguzi wa mwenyeji au mgeni. Penye jeraha pazibwe kwa makuti makavu yaliyosimamishwa kwa safu, nusu yake ardhini. Mchanga hujikusanya nyuma yake, na masika ikifika hupandwa vipande vya mlakasa.

Kuta za kuzuia bahari zinatusumbua zaidi ya yote upande wa ufuo. Ufuo wa Shela unahema. Wimbi la kusi hula mchanga, majira ya utulivu huurudisha, na kilima cha mbele ndicho akiba inayotoa na kupokea. Mtu akijenga ukuta wa mawe mbele ya kiwanja chake, wimbi haliishi nguvu polepole kwenye mteremko. Linagonga, linarudi, na kuchimba mguu wa ukuta. Ufuo wa mbele hupotea kwanza, kisha nguvu ile hula ncha mbili za ukuta kwa jirani, na jirani naye hujenga wa kwake. Mwisho watu wanakosa pa kupita maji yakijaa, ilhali Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kanuni za upimaji ardhi nazo zinataja ukanda usiopungua mita 60 juu ya mstari wa maji makuu pale ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe. Mita 60 zile zipimwe siku ya bamvua kubwa ya kusi, kutoka alama ya mwani uliotupwa juu kabisa, mbele ya wanakijiji. Zikipimwa kaskazi, siku ya maji mafu, mwenye kiwanja ameongezewa ardhi ambayo bahari itaidai.

Kasa hutaga kwenye ufuo huo huo usiku, mayai 110 hivi kwa kiota, na watoto hutoka baada ya miezi miwili au karibu na hapo. Huenda kwenye mwanga wanaouona, wakidhani ni bahari. Taa za nyumba za mbele zielekezwe chini, zizibwe upande wa maji, au zizimwe. Hilo ni jambo la fundi umeme wa nusu siku.

Mkiuliza maji zaidi yatoke wapi, mitambo ya kuondoa chumvi baharini itatajwa. Inafaa mahali, lakini kila mita moja ya ujazo hula uniti tatu hadi nne za umeme, na kwa kila lita ya maji matamu hutoka lita moja au zaidi ya maji ya chumvi kali yanayohitaji pa kumwagwa. Kabla ya kufika huko, tuna mapaa. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 10 hupokea lita 1,000. Ukitoa upotevu, 800 zinaingia birikani. Lita 100 za kwanza zimwagwe nje kwa bomba la pembeni, maana zimebeba vumbi na kinyesi cha ndege na kunguru. Familia ya watu sita ikitumia lita 20 kila mtu kwa siku, kwa siku 90 za kiangazi, inataka lita 10,800: birika la urefu wa mita tatu, upana mbili, kina mita moja na sentimita 80. Wazee waliojenga majumba ya Lamu walilijua birika, na huko Kiwayu watu bado wanategemea majabia, yaani mabirika makubwa ya kukusanyia maji ya mvua. Kinachovunja jabia ni ufa mdogo usiozibwa mwaka wa kwanza, na mfuniko ulioachwa wazi mbu wakazaa. Kaunti iweke katika masharti ya kila kibali kipya cha nyumba, ndogo au kubwa, birika lenye hesabu hiyo, na ifadhili ukarabati wa majabia ya umma kabla ya kujenga mapya.

Tunaomba mambo matatu yafanyike kabla ya masika ijayo. Vigingi vya saruji viwekwe kuzunguka vilima vyote, kila mita 100, vyenye namba, na ramani yake ibandikwe hadharani ili mnunuzi wa kiwanja aione kabla hajatoa fedha. Vibali vyote vya kujenga ndani ya mstari huo visimame mpaka vipimo vya visima vya mwaka mzima viwe mezani. Na kila mwezi, namba za chumvi za kila kisima, ya juu na ya chini, ziandikwe kwa chaki kwenye ubao penye gati ya Shela na penye gati ya Lamu, pamoja na lita zilizovutwa mwezi huo.

Ni sisi, wakaazi wa Shela na Lamu.